Dhamana ya Chumba cha Kapufi

Ipo nchi ambayo jina lake lilishushwa kwenye ramani ili lipakwe rangi upya kwa ajili ya sherehe za uhuru, na hadi leo halijarudishwa kwa sababu mkandarasi ameshalipwa. Wananchi wake huiita "hapa", na mbele ya wageni huiita "hapa kwetu pazuri". Ni nchi yenye amani kubwa. Polisi wake hawapati hata nafasi ya kushika wezi, kwa jinsi wanavyoshughulika kuilinda amani hiyo isiguswe na mtu.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mjane mmoja aitwaye Bi Somoe Kitwana. Mtaani hakuna aliyempenda, na yeye mwenyewe hakuona ubaya wowote katika hilo, kwa kuwa naye hakumpenda mtu. Alikuwa na vyumba vya kupangisha uani. Aliwapimia wapangaji maji kwa ndoo, aliwazimia umeme akiona wanacheka sana, na mpangaji akikohoa aliambiwa apunguze, kuta zina nyufa.

Katika chumba cha mwisho, kile kilichopakana na choo, alikaa Kapufi Lwendo, dereva wa lori la mchanga. Kapufi alikuwa mrefu hadi aliingia mlangoni kwa kuinama, na sauti yake ilifika mahali kabla yake. Yeye na Bi Somoe walichukiana kwa muda mrefu na kwa bidii. Kapufi aliegesha lori uani, akaliparamia karo la choo, lile shimo la maji machafu, likapasuka mfuniko. Bi Somoe naye akamfungia bomba. Kapufi akapiga mlango teke. Mwishowe Bi Somoe akampa notisi.

"Mwezi ukiisha uniondokee," alimwambia. "Nitakagua chumba, nitakata changu, dhamana yako inayobaki nitakupa mkononi. Sitaki kitu chako kibaki kwangu, wala sura yako."

"Na mimi sitaki chochote changu kilale kwako," alijibu Kapufi.

Dhamana, katika nchi hiyo, ni ile pesa anayoiacha mpangaji siku ya kuingia, ili akivunja kitu ikatwe, na asipovunja arudishiwe. Wenye nyumba wengi huielewa nusu ya kwanza tu. Bi Somoe, pamoja na roho yake mbaya, aliielewa yote. Alikuwa mchoyo wa chake, lakini cha mtu hakukigusa.

Kabla mwezi haujaisha, Kapufi alipiga simu kwenye kipindi cha redio ya taifa kiitwacho Uliza Usiogope. Alieleza kwamba amepewa mzigo wa mchanga aupeleke ng'ambo ya mto, akafika pale Mheshimiwa Rais alipozindua daraja, na daraja hakuliona. Alitaka kujua kama limehamishwa. Mtangazaji alimshukuru kwa swali zuri, akamwomba jina lake kamili, mtaa anaokaa, na saa anayoamka.

Kesho yake asubuhi Bi Somoe alikuwa akifagia uani. Wakaingia vijana wanne wenye miwani ya jua, wakamsindikiza Kapufi hadi kwenye gari lisilo na namba, maana katika nchi hiyo magari ya kazi za heshima hayasumbuliwi na namba. Kapufi alikuwa na mswaki mdomoni na mguu mmoja hauna ndala. Kijana mmoja alirudi kufunga mlango wa chumba, kwa adabu kabisa, akamwamkia Bi Somoe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anahama?"

"Ameshahama," alisema kijana.

Bi Somoe alisimama na ufagio wake. Miaka yote alitamani mtu yule aondoke, na sasa ameondoka, lakini ile furaha aliyoitegemea haikuja. Alichokasirikia zaidi, alijiambia, ni kwamba ameondoka bila kukaguliwa chumba.

Alimpigia simu. Zamani simu za nchi hiyo zilikuwa zikisema kwamba namba unayopiga haipatikani, lakini serikali ililipiga marufuku neno hilo kwa sababu lilijenga taswira mbaya. Sasa sauti ya dada mmoja mpole ilimwambia, "Mteja unayempigia yupo, ameridhika, na kwa sasa hana la kukuambia."

"Kapufi hajawahi kukosa la kuniambia," alisema Bi Somoe peke yake, akakata.

*

Alianza kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alipolisikia jina la Kapufi alifunga dirisha, kisha akaona kulifunga kunatia shaka, akalifungua, kisha akawasha redio kwa sauti kubwa.

"Mama, wewe kula tu hiyo pesa," alisema. "Kila mwenye nyumba anaikula. Ukiila wewe, hakuna atakayeshangaa."

"Sili pesa ya mtu. Nataka uandike kwamba mpangaji wangu haonekani, ili pesa niiweke mahali."

Mwenyekiti alimsihi asiseme tena neno hilo. Akamkumbusha Sheria ya Utulivu wa Mahali, ambayo Bunge liliipitisha kwa makofi kabla haijaandikwa. Sheria hiyo inasema ni kosa kudai, kunong'ona, au kuhuzunika kwa namna inayoashiria kwamba mtu yeyote hajulikani alipo. Serikali inajua kila mtu alipo. Anayesema fulani haonekani anasema serikali haioni, na kuitukana serikali macho yake ni kosa kubwa kuliko kuitukana mama yake.

"Sasa mimi nimtukane nani?" aliuliza Bi Somoe. "Nina pesa ya mtu."

"Nenda Wizarani," alisema mwenyekiti, na macho yake yalikuwa yakiomba aende haraka.

Wizara ya Kujua Watu Walipo ilikuwa jengo refu lisilo na kibao, kwa hiyo wananchi walipata shida kuijua ilipo. Bi Somoe aliketishwa kwenye benchi mpaka kiuno kikamfa ganzi. Hatimaye alipokelewa na Mkurugenzi, Daktari Fulgensi Mashauri, mwanamume mnene mwenye vidole laini, aliyekuwa na udaktari wa heshima kutoka chuo alichokifungua mwenyewe.

"Mama yangu mpendwa," alisema Mkurugenzi, akiegemea kiti chake, "wewe umekuja hapa ukiwa na tatizo la kimtazamo. Katika nchi hii wapo watu ambao wananchi wanajua walipo. Wapo pia watu ambao wananchi hawajui walipo, lakini serikali inajua. Na wapo wachache ambao kwa sababu za kiutawala hata serikali imeamua kutojiuliza. Makundi yote matatu yako salama. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Kapufi yuko kundi gani?"

"Kundi lenye furaha."

"Basi nipeleke nimpe pesa yake, asaini, niondoke. Sina haja ya kukaa naye."

Mkurugenzi alicheka kwa upole, kisha hakucheka tena. Alisema Wizara iko tayari kumpokelea Kapufi dhamana yake.

"Hapana," alisema Bi Somoe. "Aliniwekea mkononi, namrudishia mkononi."

"Unaishuku serikali?"

"Mimi namshuku kila mtu, mheshimiwa. Hata mume wangu marehemu nilimhesabia sukari."

Mkurugenzi alimtazama. Mbele yake alikuwa na kikongwe mmoja mkaidi, na katika kikongwe huyo aliona nafasi nzuri ya kuzima maneno. Siku hizo kulikuwa na minong'ono mjini kuhusu dereva aliyeuliza daraja, na wageni wafadhili walikuwa wameanza kuuliza maswali kwa lugha yao. Mkurugenzi akatabasamu upya.

"Vizuri sana. Jumamosi ndugu Kapufi atakuja mwenyewe nyumbani kwako kuichukua. Tutaleta redio, tutaleta bendi. Wewe kazi yako ni moja tu: utampa pesa, na utasema, huyu ndiye. Ukikosea hayo maneno mawili, nyumba yako iko kwenye eneo ambalo Wizara imelitamani siku nyingi."

*

Ijumaa jioni alibisha hodi mwanamke kijana mwenye vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alisema anaitwa Letisia Lwendo, dada yake Kapufi, na ametoka mkoani. Alikuwa amepita vituo vyote vya polisi, hospitali zote, na vyumba vya maiti, na kila mahali alifukuzwa kwa kuhuzunika kinyume cha sheria.

"Umekuja wakati mzuri," alisema Bi Somoe. "Kaka yako anakuja kesho. Na mwambie aje na pesa ya karo langu."

Letisia hakufurahi. Aliketi kwenye kizingiti, akauliza ni nani aliyesema hivyo. Alipoambiwa, akainamisha kichwa.

"Mama, kule kwetu kuna mwenzangu mumewe alichukuliwa na gari kama hilo. Akalia sana. Wizara ikamletea mume. Mtu mfupi, ana kipara, hawajawahi kuonana. Akatia saini mbele ya redio kwamba yeye ndiye. Sasa mwenzangu akienda kituoni anaulizwa, mumeo si ameshapatikana, unatafuta mwanamume gani mwingine? Na yule mfupi yupo pale nyumbani mpaka leo. Anataka apikiwe."

Bi Somoe aligeuka kuutazama mlango wa chumba cha mwisho.

"Akishasaini mtu mwingine kwa jina la kaka yangu, ndiyo basi," alisema Letisia. "Hakuna mlango nitakaobisha tena."

"Na mimi nikikataa wananichukulia nyumba. Unanifundisha nini? Nilale barabarani kwa ajili ya mtu aliyenivunjia karo?"

"Sijakwambia ukatae. Nimekwambia kitakachotokea."

Bi Somoe alimtazama kwa chuki, maana aliyesema kweli usoni kwake alimchukia zaidi ya mwongo. Kisha akatoa ufunguo kifuani.

"Kalale chumbani kwake. Maji ni ndoo moja tu. Ukikuta ndala yake moja, usiitupe."

*

Jumamosi uani pa Bi Somoe palifunikwa kwa turubai. Viti vilivalishwa vitambaa. Bendi ya polisi ilipangwa mbele ya choo, na bango kubwa likatundikwa: AMEPATIKANA KWA SABABU HAKUPOTEA. Majirani waliletwa kwa gari, ingawa walikaa mlango wa pili, ili ionekane wametoka mbali. Redio ya taifa ilirusha matangazo moja kwa moja, kwani katika nchi hiyo uongo mkubwa haurekodiwi, husemwa papo hapo ukiwa bado moto.

Mkurugenzi alihutubia. Alisema kuna nchi tajiri duniani ambako watu hupotea ovyo, mbwa wao hupotea, hata njia hupotea, lakini hapa kwetu pazuri hakujawahi kupotea hata sindano. Alitaja daraja, akasema lipo, ila ni la kisasa. Watu walipiga makofi, kwa sababu mpiga makofi wa kwanza alikuwa na bunduki.

Kisha Kapufi akaletwa.

Alikuwa mtu mdogo, mwenye suti ya kukodi na viatu vilivyomzidi. Jina lake halisi lilikuwa Abedi Tindwa, mwajiriwa wa Wizara kwa cheo cha Mpatikanaji Daraja la Pili. Kazi yake ilikuwa kuwa watu. Mwaka ule alikuwa amekwisha kuwa mwalimu, wakili na mchungaji mmoja, na alitarajia kupandishwa daraja. Alipita mlangoni mwa chumba cha mwisho bila kuinama hata kidogo, na majirani wote wakaangalia chini kwa pamoja.

Bi Somoe alikuwa ameshaamua. Tangu alfajiri alikuwa ameamua. Atatoa bahasha, atasema huyu ndiye, atarudi ndani kwake, nyumba itabaki. Letisia alisimama karibu na bomba, na Bi Somoe alijitahidi asiangalie upande ule. Mkono wake ulikuwa tayari umeishika bahasha.

Mpatikanaji akapewa kipaza sauti, akasoma alichoandikiwa.

"Mimi Kapufi Lwendo nilihama kwa hiari yangu. Naishukuru serikali sikivu. Nilikaa katika chumba hiki kwa uvumilivu, ingawa paa lilivuja na mwenye nyumba alikuwa mnyonyaji."

Maneno hayo yaliongezwa Wizarani dakika za mwisho ili kumfanya Kapufi apendwe na wasikilizaji. Bi Somoe alirudisha bahasha kifuani.

"Paa gani linavuja?" aliuliza.

"Mama," alisema Mkurugenzi kwa meno yaliyofungana, "yale maneno mawili."

"Nayasema. Huyu ndiye. Huyu ndiye Kapufi, serikali imesema, nami nani wa kubisha? Lakini dhamana hairudishwi chumba hakijakaguliwa. Au sheria mmeibadilisha?"

Mkurugenzi hakuweza kusema sheria imebadilishwa, kwa kuwa sheria ya upangishaji ndiyo pekee inayofuatwa neno kwa neno katika nchi hiyo. Iliandikwa na Rais mwenyewe, mwenye majumba ya kupangisha kila mkoa. Inasema mpangaji akikutwa na deni la uharibifu, atashikwa papo hapo na kukaa ndani mpaka alipe.

"Karo la choo," alisema Bi Somoe kwenye kipaza sauti, na hasira yake ya miaka yote ikapata njia. "Uliliparamia na lori. Mlango huu, ulioupiga teke. Ukuta, umepakaa grisi mpaka darini. Bomba uliling'oa nilipokufungia. Pesa yako ninayo hapa, haifikii hata nusu ya karo. Lipa."

"Mimi?" alisema Mpatikanaji.

"Wewe si Kapufi?"

Mpatikanaji alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi aliitazama redio.

"Ndiye," alisema Mkurugenzi. "Imethibitishwa."

"Basi alipe," alisema Bi Somoe.

Polisi aliyekuwa karibu, kijana mwenye utii, aliweka mkono begani kwa Mpatikanaji. Mpatikanaji alinong'ona kuuliza kama Wizara itamlipia. Mkurugenzi alinong'ona kwamba kulipa deni la mtu binafsi kwa fedha ya umma ni ufisadi, na Wizara haivumilii ufisadi.

"Nenda tu," alimwambia. "Ni siku chache."

Abedi Tindwa alikuwa amefanya kazi Wizarani miaka mingi. Alijua siku chache zina urefu gani. Alikinyakua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi si Kapufi," alisema, na sauti yake ikasikika hadi mipakani. "Naitwa Abedi. Nina watoto. Lori sijawahi kuendesha, na karo la mtu sijavunja. Kapufi simjui, sijamwona hata picha."

Kisha Letisia, pale kwenye bomba, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei, "Basi kaka yangu yuko wapi?"

Mkurugenzi aliwapungia bendi wapige chochote. Bendi, kwa hofu, ilipiga wimbo wa taifa. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Wimbo wa taifa wa nchi hiyo ni mrefu sana, maana kila rais huongeza beti zake na hakuna anayethubutu kupunguza, na anayesogea wakati unapigwa hufungwa. Mkurugenzi alisimama wima. Polisi walisimama wima. Fundi wa redio alisimama wima akiwa ameunyoosha mkono kuelekea swichi, na haukufika.

Lakini sheria haikutaja midomo. Letisia naye alisimama wima, mikono ubavuni, akatazama mbele, akasema, "Kapufi Lwendo. Mrefu. Alichukuliwa akipiga mswaki." Nyuma yake mwanamke mwingine, naye wima, akataja jina la mumewe na rangi ya shati lake. Mzee mmoja akataja binti yake. Kisha sauti zikawa nyingi, kila mtu kasimama kwa heshima kamili, na bendi ikaendelea kupiga ubeti baada ya ubeti kwa sababu hakuna aliyeweza kusogea kuizuia.

Bi Somoe alisimama katikati na bahasha kifuani. Hakutaja jina lolote. Alikuwa akilia, na alikuwa amekasirika sana kwamba analia mbele ya wapangaji.

*

Adhabu zilitolewa kwa utaratibu mzuri. Abedi Tindwa alipelekwa mahali, na Mpatikanaji Daraja la Tatu akapandishwa cheo ili awe yeye. Bendi ilihamishiwa kisiwani. Nyumba ya Bi Somoe haikuchukuliwa, kwa kuwa ilikuwa imetajwa redioni, ila Wizara ililibomoa paa na kulihifadhi kama kielelezo kwamba lilikuwa likivuja. Alihamia na Letisia chini ya turubai la sherehe, ambalo hakuna aliyekumbuka kulirudisha, na siku ya kwanza tu wakagombana kuhusu ndoo.

Kapufi hakurudi.

Jumatatu Bi Somoe alichukua bahasha yake, akaenda Wizarani tena. Alitegemea kulikuta benchi lake tupu. Akakuta foleni imetoka mlangoni, imezunguka jengo, imeingia barabara ya pili. Fundi cherehani mmoja alikuwa na suti iliyokwisha kushonwa, mwenyewe hajaja kuichukua. Mwanamke mmoja alikuwa na miwani ya jirani yake. Mwingine alishika kamba ya mbuzi aliyeachiwa amchunge kwa siku mbili, na mbuzi alikuwa ameshazaa. Hakuna aliyesema mtu fulani haonekani, kwa kuwa hilo ni kosa. Walisema tu wana kitu cha mtu, na wanaomba kumpa mwenyewe mkononi.

Mkurugenzi alitoka kwenye roshani, akawatangazia kwamba kuanzia leo ni marufuku mwananchi kuwa na kitu cha mwenzake. Foleni ilimsikiliza kwa heshima, ikasogea mbele hatua moja.

Langoni alikuwapo askari mmoja, bonge la mtu, aliyekuwa akiwasukuma watu kwa kitako cha bunduki. Alimsukuma Bi Somoe hadi akayumba.

"Bibi kizee, na wewe umefuata nini?"

"Dhamana ya mpangaji."

"Rudi nyumbani ukafe."

"Nitakufa nikishamlipa."

Askari aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akainama kana kwamba anampekua, na mdomo wake ukafika karibu na sikio la Bi Somoe.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini kabisa, "ukifika ndani, waulizie na Sadoki Lilenga. Mdogo wangu. Baiskeli yake iko kwangu."

Bi Somoe alimtazama kuanzia buti hadi kofia. Hakumpenda. Hakumwonea huruma hata kidogo, na hakuona sababu ya kumficha hilo.

"Kailete," alimwambia. "Na foleni inaanzia kule."

Askari aliigeukia foleni. Kisha akaitundika bunduki kwenye komeo la lango, akavua kofia, na kuanza kutembea kuelekea mwisho wa foleni, na watu wakamwachia njia.